Milamula ya Bwana Miguu

"Nani amekutuma?" Placidia aliuliza, mzigo wa nyasi ungali kichwani.

Nikuze hakuinuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo uliolowa, pembeni yake rundo la vijiti vya kijani vilivyokatwa kwa urefu mmoja, na kwa jembe la kipini kifupi alikuwa anatoboa ardhi, anachomeka kijiti, anashindilia, anasogea mbele. Bila shaka alikuwa ameanza mapema, maana mstari ulikwisha kuwa mrefu. Ulitoka kule juu kwenye maduka, ukateremka kando ya ujia wa kwenda shuleni, na ulipofika kwenye kibanja cha Placidia, shamba lake la migomba, ukaingia ndani. Migomba ya ukingoni, ile aliyoipanda kwa mkono wake mwaka aliofiwa na mume, sasa ilikuwa upande wa nje, kama watoto waliofungiwa mlango.

"Shikamoo mama," Nikuze alisema kwa sauti ya chini. "Ni kazi ya Bwana Miguu. Mimi nimeambiwa nipande tu."

"Marahaba. Upande nini?"

Aliuliza huku anajua. Hakuna mtu wa Omukitoma asiyeujua mlamula, hata mtoto anayejifunza kutambaa huoneshwa asiuguse. Si mti wa kivuli wala wa kuni, na mbuzi mwenyewe huupita. Hupandwa siku wazee wamekaa, wamesikiliza pande zote mbili, wametoa hukumu. Mahali ulipochomekwa, neno limekwisha. Mtu akiukuta mlamula mpya haulizi umepandwa kwa nini, anauliza kesi ilikuwa ya nani na nani ameshindwa. Na Placidia hakuwa ameitwa kwenye kesi yoyote.

Alitua mzigo wake taratibu kando ya ujia. Nikuze alizaliwa hapohapo lakini wazazi wake walitoka Burundi, aliishi kwa kulima mashamba ya watu, na alikuwa amejifunza tangu utotoni faida ya kutojua mambo. Kumuuliza zaidi ilikuwa kazi bure.

Bwana Miguu, kwa upande wake, alikuwa afisa mipango wa wilayani. Jina lake halisi hakuna aliyelishika. Alikuwa kijana wa kuja, mtu wa mikoa ya kati, mwembamba, mwenye pikipiki na heshima nyingi, na aliwasalimia wazee wote shikamoo hata wale waliokuwa wamelewa. Katika mkutano wa kijiji kabla ya mvua alisema jambo lililowafanya watu waangaliane. Omukitoma, alisema, si kitongoji tena, kinageuka mji mdogo. Na sheria za mipango miji, pamoja na sheria ndogo zilizopitishwa na madiwani, zinataka kila mji unaochorwa uwe na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, pana, nyoofu, zilizotengwa na magari, pamoja na uwanja wa wazi wa michezo usioguswa na mtu. Sababu yake ni kwamba wananchi watembee na wafanye mazoezi. Ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu vimezidi, na mji ukishajengwa vibaya, miguu haipati tena pa kupita.

Watu walicheka mpaka mwenyekiti Byabato akagonga meza. Watu wanaopanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, wanaoteka maji bondeni, wanaokwenda gulioni Kaisho na kurudi kwa unyayo, waje wafundishwe kutembea, tena kwa sheria. Kicheko kilipoisha, shaka ikakaa mahali pake. Tangu lini serikali ikakata ardhi kwa ajili ya miguu? Mmoja alisema chini ya ujia ule kumeonekana madini ya bati, kama kule machimboni, na kwamba kijana yule anapima mshipa. Mwingine alisema kuna mkubwa wa Kayanga anataka kufikisha gari kwenye kiwanja chake. Walikubaliana neno moja tu, kwamba mtu akija anazungumzia afya yako, umtazame mikono.

Placidia naye alicheka siku ile. Aliacha kucheka wiki chache baadaye, alipomwona Bwana Miguu akitembea kwenye ujia pamoja na shemeji yake Rwegoshora, na Rwegoshora akinyoosha fimbo, mara huku, mara kule, kwa utulivu wa mtu anayeonesha mali yake.

Kibanja kile kilikuwa kimoja zamani. Baba mkwe alipozeeka alikigawa kwa wanawe wawili, Rwegoshora mkubwa na Protase mdogo, mume wa Placidia. Hakupanda mlamula. Mlamula ni wa watu wasioaminiana, alisema mzee, ninyi mmelala tumbo moja, ujia huu unawatosha kuwa mpaka. Ukawatosha kweli, Protase akiwa hai. Alipozikwa tu, msimu uleule, Rwegoshora alipanda mche wa kahawa kwenye ukingo wa ujia, upande wake. Wapita njia ni watu wastaarabu, hawakanyagi mche wa mtu. Walipinda kidogo. Msimu uliofuata akapanda mwingine mbele ya ule, wakapinda tena. Ujia ni nini ila alama ya nyayo? Ukahama bila mtu kuuhamisha, ukala mgomba baada ya mgomba, na Placidia alikuwa anauona ukija. Angemshtaki nani? Shemeji alipanda kwake. Waliomnyang'anya ardhi ni watoto wa shule na wanawake wa kwenda kisimani, na wote walimwamkia vizuri walipokuwa wanaipita. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, lakini nguo yenyewe ilikuwa ya ukoo na hakuwa na namna ya kuivua.

Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Joviana, aliyeolewa Kayanga. Machoni pa ukoo, mjane asiye na mtoto wa kiume ni mlinzi tu, anayekitunza kibanja mpaka mwenyewe apatikane, na mwenyewe alikwisha kujulikana: wana wa Rwegoshora. Placidia alisikia redioni kwamba sheria ya nchi inasema vingine. Aliiamini. Ila redio haiji kukaa kwenye kikao cha ukoo na kusema neno.

Ndiyo maana alipouona mstari ule wa kijani ndani ya migomba yake, hakuona njia ya mazoezi. Aliona hukumu iliyotolewa wakati yeye yuko shambani anatandaza nyasi.

Alianza na kijiti kilichokuwa karibu na mguu wake. Kilitoka kirahisi, kilikuwa bado hakijashika. Akang'oa cha pili, na cha tatu, akawa anateremka na mstari huku ameinama, anavitupa katikati ya ujia, na hasira ikawa tamu mdomoni. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wanarudi na vikapu, wakasimama. Hakuna aliyemkataza. Bibi mmoja alijifunika mdomo kwa upande wa kanga yake.

"Mama, acha," Nikuze alisema, sasa amesimama. "Wanakuona."

Aliacha pale kibanja chake kilipokwisha. Alijinyoosha, akatazama nyuso zile, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Kwa desturi ya pale, mwenye haki hang'oi mlamula. Mwenye haki huita wazee. Anayeung'oa ni yule anayejua kwamba hana kesi, na anapoung'oa amekiri kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Placidia alikuwa amekiri mbele ya gulio zima.

Kesho yake Rwegoshora alifika na wanaume wawili wa ukoo. Alikuwa mtu mzito, mpole wa kauli, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na siku hizi mguu wake mmoja ulikuwa umevimba hata akavaa kandambili.

"Shikamoo shemeji," Placidia alisema.

"Marahaba, Mama Joviana. Umeamka salama?"

Alimletea kiti. Akakikataa, na nchi ile mgeni anayekataa kiti hajaja kusalimia. Alisema yeye hana neno. Milamula hakuipanda yeye, ni ya serikali, na mambo ya serikali ni makubwa kwake.

"Nimekuja tu nikwambie mwenyewe, usije ukaambiwa na wengine," alisema. "Ukoo umesikia."

"Umesikia nini, shemeji?"

"Kwamba umeing'oa."

Aliyasema bila kupandisha sauti, akaaga vizuri, akaondoka anachechemea. Placidia angependa zaidi kama angemtukana.

Siku zilizofuata alifanya kazi ya wawili. Alipunguza machipukizi kwenye mashina, alikata majani makavu kwa mundu, alitandaza nyasi mpaka mahali ambapo hapakuhitaji nyasi, na muda wote alikuwa anafikiri. Alimshuku Byabato, ambaye alionekana akinywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa Rwegoshora siku ya Jumapili. Alimshuku Bwana Miguu kwa ile adabu yake iliyozidi. Alimpigia simu Joviana, na Joviana aliposema, mama, huenda ni njia tu kweli, hata huku Kayanga wanachora hivyohivyo, Placidia akaanza kujiuliza mkwe wake ana urafiki gani na watu wa mipango. Alipokata simu aliona aibu. Lakini shaka nayo ikishapewa chakula haishibi upesi.

Mwishowe alikwenda kwa Nikuze. Alimkuta anapukuchua maharage mlangoni, akakaa naye, akachukua ganda na yeye, wakapukuchua pamoja mpaka kikapu kikafika nusu. Kisha Placidia akamuuliza vijiti vile vilikatwa wapi.

"Mama, mimi ni mtu wa kuishi kwa watu," Nikuze alisema.

"Najua. Sitakutaja."

Nikuze alitazama njia, kisha akasema haraka, macho kwenye maharage. Bwana Miguu alikuwa anatafuta mti wa kuweka ua kando ya njia, unaoshika upesi na usioliwa na mbuzi. Rwegoshora akasema anao mwingi nyuma ya nyumba, akate bure. Nikuze ndiye aliyeukata.

"Alimwambia yule kijana maana yake?"

"Nilikuwepo. Alicheka kidogo tu. Akasema ni mti mzuri."

Placidia alirudi nyumbani na maneno hayo, akayageuza kila upande. Alicheka kidogo. Mtu anaweza kucheka kwa sababu amemwonea huruma mgeni asiyejua. Anaweza kucheka kwa sababu mgeni amemletea mkononi kitu alichokitafuta miaka mingi. Kicheko kile hakikuwa ushahidi wa kupeleka mahali popote, na Nikuze alikuwa amekwisha kuahidiwa.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji, mvua ikipiga bati. Wazee wa ukoo walikaa benchi moja, Byabato kwenye meza, Rwegoshora peke yake pembeni ameegemeza mguu mbaya kwenye tofali. Placidia alipewa kiti kilichokuwa katikati. Hakukipenda. Mzee wa ukoo aliyesema hakuwa na maneno mengi. Alisema mlamula umeng'olewa mchana, watu wanaona, kwa hiyo ukoo hauna cha kuuliza. Ukoo unaomba tu kwamba suala la kibanja cha marehemu liangaliwe upya, na mama huyu, ambaye wote wanampenda, atafutiwe pa kukaa panapomfaa umri wake.

Wote wanampenda. Ndicho kilichokuwa kinakuja tangu ule mche wa kwanza wa kahawa, na sasa kilikuwa kimefika, kimekaa, kinamtazama.

Bwana Miguu aliingia wakati huo, amelowa, ramani yake imefungwa kwenye plastiki. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akawaamkia wote, akakosa pa kukaa. Placidia aliinuka kabla hajaambiwa ainuke.

"Baba," alimwambia, "naomba kuuliza. Ule mti wa ua ulipewa na nani?"

"Mzee Rwegoshora alijitolea," kijana alisema kwa furaha. "Tunamshukuru sana. Ametusaidia mno."

Wazee kwenye benchi walitazamana. Kijana alitazama nyuso, akajua amekanyaga kitu, hakujua ni nini. Byabato alimweleza, kwa maneno machache na kwa kigugumizi kidogo, mlamula ni nini na hupandwa lini. Bwana Miguu alivua kofia yake iliyolowa, akaishika.

"Nilikokulia mimi mti huu ni maua ya mlangoni," alisema. "Poleni, wazee. Pole, mama. Hapa hapakuwa na kesi. Hii ni njia tu."

Mzee wa ukoo alisema mti haujui nia ya aliyeupanda. Ukishasimama umesimama, na ukishang'olewa umeng'olewa. Watu walimtazama Rwegoshora pale pembeni, naye alikuwa anatazama mguu wake.

Ndipo kijana akaifungua ramani, akaitandaza juu ya meza, wakasogea. Alionesha mahali walipoanzia kupima. Walichukua katikati ya ujia kama walivyoukuta, wakahesabu sawa kwa sawa kulia na kushoto. Ardhi iliyo ndani ya mistari ile miwili si ya Placidia tena wala si ya Rwegoshora. Ni ya kupita. Sheria inakataza mtu kupanda humo, kujenga humo, wala kuusogeza ukingo wake hata kidogo, na yeye mwenyewe aliyeichora hana ruhusa ya kuihamisha.

Placidia alitazama mistari ile akaona mambo mawili, moja baada ya jingine. Kwanza aliona kwamba ardhi iliyoliwa na nyayo imekwenda, na haitarudi. Kama wameanza kwenye ujia wa leo, basi wameubariki wizi wote wa miaka ile. Lakini akaona pia kwamba upande wa pili mstari unapita ndani ya kahawa ya Rwegoshora, ile ile ya ukingoni, yote. Itakatwa. Alimtupia jicho. Kama shemeji alilijua hilo alipotoa vijiti vyake, basi hakuwa na hila. Kama hakulijua, ndiyo kwanza anaambiwa. Uso wake haukusema kitu.

Byabato akamwambia Placidia kwamba ana haki ya kudai ujia ulihama. Atahitaji mashahidi wa kuonesha ulipokuwa wakati wa mzee. Ila ukoo nao utadai suala la kung'oa lisikilizwe kwanza.

"Nikiirudisha milamula palepale ilipokuwa," Placidia alimuuliza kijana, "kibanja changu kinaanzia wapi?"

"Palepale, mama. Ndani ni kwako, njia ni ya wote."

"Na ukoo?"

"Njia haina ukoo."

Mvua ilikuwa imepungua. Placidia alikuwa na uchungu, na uchungu ule ulikuwa wa migomba, si wa maneno. Alifikiri juu ya mpaka laini unaotembea kila msimu, na mpaka mgumu uliosimama mahali pabaya. Hakuiamini ramani. Hakumwamini kijana, wala Byabato, wala wazee wanaompenda. Lakini aliijua desturi kwa upande wake wa pili pia, ule ambao wazee hawakuutaja. Watu waliogombana wakitaka kupatana, mmoja humpa mwenzake mlamula, naye huupokea na kuupanda. Ukishatolewa kwa mkono na kupokewa kwa mkono, hakuna kati yao anayeweza kusema tena kwamba mpaka haujui.

"Nitaipanda," alisema. "Lakini anipe yeye."

Hakuna aliyecheka. Wazee wa ukoo walitikisa vichwa kukubali, maana aliyeomba amani kwa desturi hanyimwi kwa desturi. Wote wakageuka pembeni. Rwegoshora alikaa vilevile kwa muda mrefu, mikono juu ya fimbo, na Placidia akadhani atakataa, akatamani akatae ili angalau ajulikane. Kisha akauteremsha mguu kwenye tofali.

"Twendeni," alisema, "kabla mvua haijarudi."

Waliteremka wote na ujia. Nikuze alikuwa amekata vijiti vipya, akavileta na kujitenga. Rwegoshora alitoa kimoja kimoja. Placidia alipiga magoti, akatoboa, akapokea, akachomeka, akashindilia. Mkono wa shemeji yake ulikuwa mzito na wa moto, na kila mara ulitoa bila kusita. Kijiti cha mwisho peke yake hakikuachiliwa upesi. Walikishika wote wawili, yeye juu, Placidia chini, na kwa kitambo kile alimtazama usoni kutafuta chochote, chuki, aibu, hata mzaha. Alimwona mzee mwenye jasho. Kisha kijiti kikaachiliwa.

Migomba ya ukingoni aliikata mwenyewe, kabla ya vibarua wa njia. Alitoa machipukizi yake akayahamishia ndani, karibu na kaburi la Protase, akayafunika nyasi. Siku iliyofuata alisikia panga upande wa pili, likiangusha kahawa, na alisimama kusikiliza mpaka likanyamaza. Alidhani atafurahi. Alifurahi kidogo, si kama alivyokuwa ametegemea.

Njia ikamwagiwa changarawe. Ilikuwa pana kuliko kitu chochote ambacho miguu ya Omukitoma iliwahi kupewa. Wanafunzi waliipita wakikimbizana, wasukuma baiskeli za ndizi wakaacha kupigiwa honi na malori, na ulipofika msimu wa senene, panzi wa kuliwa, watoto waliwakamata humo wakiwa wamekaa kitako katikati. Milamula ilichipua pande zote mbili. Watu walikuwa bado wanasubiri bati lichimbwe. Kila mtu alikuwa anaitumia njia na hakuna aliyeiamini.

Kisha Rwegoshora akaanza kutembea.

Placidia alimwona asubuhi moja, ukungu haujainuka, anateremka na njia polepole mpaka kwenye uwanja mpya wa michezo kule chini, anapumzika, anapanda tena. Kesho yake vilevile. Alikuwa amepimwa, ilisemekana, akakutwa na sukari, na daktari akamwamuru atembee kila siku mahali pasipo na mashimo, na mahali hapo ni kwenye njia ile tu. Sababu ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno. Alipofika sambamba na kibanja cha Placidia, mwendo wake ulipungua, na midomo ilikuwa inacheza. Mkono mmoja ulikuwa kwenye fimbo, wa pili ndani ya mfuko wa koti. Pengine ni rozari, Placidia alijiambia. Pengine anahesabu milamula. Mtu aliyeweza kuuhamisha ujia kwa miche ya kahawa, angeshindwa kuihamisha njia kwa subira?

Alimtazama kutoka mlangoni kwa siku kadhaa. Mlangoni palikuwa mbali, na migomba ilimficha pale alipotaka kumwona hasa. Basi akajifunga kanga, akashika mundu ili asionekane hana kazi, akatoka, akamfuata nyuma. Si karibu sana. Aliteremka alipoteremka, akasimama aliposimama, akapanda alipopanda. Rwegoshora hakugeuka. Kesho yake akamfuata tena.

Watu wakaanza kusema kwamba wale wawili wamepatana sana. Wanawake wa kisimani waliwapisha. Bwana Miguu alipita siku moja na pikipiki yake, akafunga breki, akawapiga picha kwa simu, akasema safi sana, wazee, ninyi ndio mfano. Wakaendelea na mwendo wao. Placidia aliona kwamba pumzi yake imekuwa nyepesi kwenye kilima, na magoti yaliyokuwa yakimuuma tangu mwaka jana yamenyamaza. Hilo nalo alilitilia shaka.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku, Rwegoshora alisimama kabla ya kufika uwanjani. Palikuwa ni pale kibanja kinapokwisha. Aliegemea fimbo kwa mikono miwili, mgongo kwa Placidia, mabega yakipanda na kushuka. Placidia naye alisimama. Kwa kawaida Rwegoshora angeondoka baada ya kitambo. Hakuondoka. Kati yao palikuwa na changarawe tupu, na kila Placidia alivyozidi kusimama ndivyo ilivyozidi kuwa wazi kwamba amesimama ili kumchunga.

"Pita, shemeji," Rwegoshora alisema, bila kugeuka. "Mguu leo umekataa."

Placidia aliutazama mguu. Ulikuwa umevimba kweli, ngozi inang'aa. Aliutazama mkono ulioshika fimbo, akaitazama milamula iliyokuwa karibu naye, majani yake marefu yakidondosha maji. Kupita maana yake ni kumpa mgongo, na hakuwa amempa mgongo mtu yule tangu walipomzika Protase.

"Pole," alisema.

"Ndiyo ukubwa."

Alipita. Alipita karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake, akasonga mbele, shingo ngumu, mundu mkononi, akikaza masikio asikie fimbo. Haikulia. Alitembea, haikulia. Alikuwa amekwisha kuuona uwanja mbele, mweupe kwa umande, hakuna mtu ndani yake, ndipo changarawe ikaanza kugongwa nyuma yake, polepole, ikimfuata, na Placidia akapunguza mwendo bila kujua kama anamngojea au anamkwepa.